Kununua Mavazi ya Usaili: Somo kwa Mnunuzi wa Buseresere na Maeneo Jirani

Barua ya kumwita mwombaji kazi kwenye usaili hueleza kwa kirefu habari za vyeti, kitambulisho, saa na mahali. Habari ya mavazi, ikitajwa, hutajwa kwa maneno mawili tu: avae nadhifu. Basi msailiwa huingia sokoni hajui anachokitafuta, siku zimebaki mbili, na muuzaji mzoefu hulitambua jambo hilo kabla hajaulizwa bei. Somo hili linahusu manunuzi hayo, na linaanzia nyumbani, kabla ya kufika sokoni.

Kwanza fedha. Matangazo ya usaili ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema waziwazi kwamba msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Tuseme unazo shilingi 60,000 na usaili uko Mwanza. Ondoa nauli ya kwenda na kurudi, chakula, nakala za vyeti na, kama usaili ni wa asubuhi na mapema, malazi ya usiku mmoja. Kinachobaki ndicho bajeti ya mavazi, hata kikiwa kidogo cha kuchekesha. Anayetanguliza nguo hujiona ana 60,000 zote, akanunua koti, kisha akakopa nauli. Shati linaweza kuazimwa kwa ndugu au jirani wa kimo chako bila riba. Mkopo wa simu hurudishwa na nyongeza.

Mavazi yanayofaa kwa usaili mwingi ni yale yaliyo katikati ya suti na nguo za nyumbani. Kwa mwanamume ni shati lenye kola, suruali ya kitambaa au kadeti isiyobana, mkanda, na viatu vinavyofunika vidole. Kwa mwanamke ni blauzi na sketi inayopita magoti, au suruali ya kitambaa, au gauni lenye mikono. Anayevaa hijabu achague ya rangi moja iliyotulia. Kitenge kilichoshonwa kwa mtindo wa staha kinafaa vilevile, na hatuoni sababu ya kukidharau. Anayeomba kazi serikalini akumbuke kuwa mavazi ya watumishi wa umma yana waraka wake, Na. 3 wa mwaka 2007, unaokataza nguo zinazobana na zinazoonesha maungo. Ni busara kufika kwenye usaili ukiwa tayari ndani ya mipaka hiyo.

Suti inaruhusiwa popote, lakini kwa nafasi ya karani, mhudumu wa hoteli, afisa mikopo au mwalimu wa shule binafsi ni gharama inayozidi mahitaji. Tena suti ya bei ya chini isiyokaa vizuri mabegani huonekana vibaya kuliko shati safi lililopigwa pasi. Kabla ya kulipa jiulize kama nguo hiyo utaivaa kazini katika mwezi wa kwanza, mshahara ukiwa bado haujatoka. Kama jibu ni hapana, irudishe mezani.

Usaili wa migodini una mambo yake. Ukiitwa kwenye usaili wa vitendo, vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu, acha pete na mkufu nyumbani, na ushungi ubanwe vizuri. Lakini usinunue kofia ngumu wala viatu vya usalama. Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, vifaa vya kinga ni jukumu la mwajiri. Kwa hiyo mtu anayekupigia simu akikutaka utume fedha za sare, viatu au vipimo vya afya ili jina lako lisikatwe, huyo mchukulie kuwa tapeli, hata kama anataja jina la mgodi unaoufahamu. Mgodi wa Dhahabu wa Geita umekuwa ukitahadharisha katika matangazo yake ya kazi kwamba haupokei fedha kwa ajili ya nafasi yoyote.

Sasa twende sokoni. Nguo za mtumba hutoka ndani ya belo, na belo moja huwa na nguo nzima na nguo iliyochoka kwa pamoja. Sifa ya belo haikuhakikishii shati ulilolishika. Nenda asubuhi, ukiwa umevaa fulana nyepesi au taiti ili uweze kujaribu nguo juu yake. Desturi ya kuzungusha kiuno cha suruali shingoni husaidia kukisia tu; haisemi lolote kuhusu mapaja. Vaa, kaa, inama, kisha nyoosha mikono mbele kana kwamba unapokea karatasi. Kifungo cha kifuani kikivutika, hilo shati si lako.

Kisha itoe nguo chini ya turubai uitazame juani, kwa maana kivuli cha turubai la bluu huficha madoa ya njano. Chunguza kwapa, ndani ya kola, na makalio ya suruali, ambako kitambaa kilichochakaa hung'aa. Panda na shusha zipu mara tatu. Lowesha kitambaa cheupe, sugua upande wa ndani wa pindo. Kikishika rangi, nguo hiyo itachuja utakapoifua, na itakupaka jasho likitoka. Soma kibandiko cha ndani iwapo kipo: polista haikunjamani sana lakini huungua upesi kwa pasi ya mkaa, ilhali pamba hustahimili joto na hudai kunyooshwa tena ukishuka garini. Nguo za ndani za mtumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania kwa sababu za kiafya, nunua mpya. Kuhusu viatu, kunja soli kwa mikono miwili. Moka iliyokaa muda mrefu ghalani huweza kuonekana mpya, gundi yake ikaachia siku ya kwanza ya kutembea, hivyo ivae nyumbani siku nzima kabla ya safari.

Vumbi letu jekundu nalo lihesabiwe. Shati jeupe juu ya bodaboda halifiki jeupe. Safiri na nguo nyingine, ubadilishe ukifika.

Dukani hali ni tofauti kidogo, kwani hapo unalipia upya wa bidhaa. Nguo ya mtumba iliyofuliwa, ikanyooshwa na kutiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ikiuzwa kwa kuitwa mpya, ni udanganyifu unaokatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Yale maandishi yasemayo bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayamwondolei muuzaji wajibu iwapo bidhaa ina kasoro iliyofichwa au siyo ile aliyoieleza. Hata hivyo, kubadili mawazo juu ya rangi si kasoro, na hapo muuzaji ana haki ya kukukatalia. Dai risiti. Asiye na mashine ya risiti za kielektroniki akuandikie kwa mkono: tarehe, bidhaa, bei na jina lake.

Ukienda kwa fundi cherehani, mpeleke kitambaa mapema na mkubaliane siku ya kuchukua nguo iliyo walau siku tatu kabla ya safari. Andikeni urefu wa kitambaa ulichomkabidhi, bei, na malipo ya awali. Usimalizie malipo kabla hujaijaribu nguo.

Likitokea tatizo, anza na muuzaji mwenyewe, kwa utulivu. Akikataa, peleka shauri kwa Afisa Biashara wa halmashauri. Wengi hapa huchanganya: Buseresere na Katoro ni kama mji mmoja kwa macho, lakini duka lililo Buseresere liko Halmashauri ya Wilaya ya Chato, na lililo Katoro liko Wilaya ya Geita. Angalia umenunulia upande upi, usije ukalipa nauli ya ofisi isiyokuhusu. Malalamiko ya udanganyifu hupokelewa pia na Tume ya Ushindani. Nenda na risiti, ujumbe wa malipo kama ulilipa kwa simu, na nguo yenyewe, ikiwa haijafuliwa wala kupunguzwa na fundi.