Somo: Maji ya kung'aa yaweza kuficha ugonjwa

Mnamo Julai 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi mjini Goma. Vijidudu vyake, yaani mikrobe, havionekani kwa macho.

Waonyesheni wanafunzi hivi. Korogeni kijiko cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Yachujeni kwa kitambaa safi, kisha kila mtoto aonje tone. Maji yanang'aa, lakini chumvi imo. Kadhalika, kitambaa huzuia takataka, ila mikrobe hupenya. Chumvi haiondoki kwa moto, lakini mikrobe hufa maji yakitokota. Klorini pia huziua, ikitiwa kwa kipimo.

Viongozi, ugonjwa ukizuka, tuchunguze kwanza maji na vyoo. Tusimshtaki jirani kwamba ametia sumu kisimani.