Kabla ya Kuomba Sola, Tuikague Nyumba

Maombi mengi tunayoyapokea kutoka kwenye kamati za parokia ni ya sola. Katika somo hili tunapenda kuwashirikisha kosa letu wenyewe, maana wafadhili wetu wana haki ya kulijua.

Nyumba moja ya mapadre, ya siku nyingi, yenye kuta nene za matofali ya kuchoma na paa la bati, tuliifungia sola bila kuikagua. Mwaka haukuisha, betri zikafa. Tulimlaumu fundi bure. Tulipokaa na kamati kupiga hesabu tulikuta balbu 10 za zamani za wati 60, zikiwaka saa 5 kila usiku. Hizo ni uniti 3 za umeme kwa siku. Balbu ya namna hiyo hugeuza karibu umeme wote kuwa joto, ndiyo sababu haishikiki ikiwa imewaka. Balbu 10 za LED za wati 9 hutoa mwanga uleule kwa chini ya nusu uniti. Na pasi ya wati 1,000, ikitumika saa moja tu, hula zaidi ya balbu hizo 10 za LED kwa usiku mzima! Betri za asidi zinazonyonywa hadi mwisho kila siku hazidumu, hata ziwe za bei gani.

Kisha kulikuwa na feni, zilizozunguka kutwa kwa sababu vyumba havikuwa na dari. Bati likipigwa na jua humwaga joto lake chini, juu ya vichwa vya watu. Dari, pamoja na matundu ya kutoa hewa ya moto iliyo kati yake na bati, hupunguza joto hilo. Kupaka bati rangi nyeupe nako husaidia. Lakini angalieni: baadhi ya nyumba za zamani zina dari au paa la asbesto. Msilikate, msilitoboe wala kulivunja, kwani vumbi lake huleta saratani. Aitwe mtaalamu kwanza.

Jikoni ndiko kamati hazifiki, na ndiko nishati nyingi inakoishia. Mafiga matatu huacha moto mwingi upotee pembeni. Jiko banifu lenye bomba la moshi, kuni zilizokauka vizuri, sufuria yenye mfuniko, na maharage yaliyolowekwa tangu usiku hupunguza mzigo wa kuni, na macho ya mpishi yanapona.

Tangu sasa, kila ombi la sola liambatane na orodha ya taa na vyombo vyote vya umeme, wati zake na saa vinazotumika. Anayepika naye aulizwe anatumia kuni kiasi gani kwa wiki, na jibu lake liandikwe kwenye orodha hiyo.