Mas-ala ya Sarafu Zilizozikwa Katika Ua wa Nyumba

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa katika zama zetu hizi kuna chombo kipitishwacho juu ya ardhi, nacho hulia pakiwapo madini chini yake. Watu hukitumia kutafuta sarafu za kale katika nyua za nyumba kongwe, na wakisha kuupekua ua mara moja husema, "Hapa hapana kitu tena." Hilo si kweli, kwani huja mwingine nyuma yao akatoa fedha pale pale walipokanyaga.

Sababu yake ni kwamba chombo hupeleka nguvu ya sumaku ardhini, na kila madini huijibu kwa namna yake. Ua mkongwe umejaa misumari yenye kutu, na sauti ya msumari huifunika sauti ya sarafu iliyo ubavuni mwake. Na mwenye kukitengeneza chombo kisilie kwa chuma, huipita sarafu asiisikie. Tena sarafu iliyosimama kwa ukingo hujibu kwa unyonge kuliko iliyolala. Basi mwenye maarifa huondoa chuma kwanza, akapita polepole na kisahani kidogo, kisha akapita tena kwa kuikata njia ya kwanza.

Walakini hayo ni mepesi. Lililo zito ni kujua sarafu hiyo ni mali ya nani. Wengi hudhani kila kilichofukuliwa ni rikazi. Hutoa khumsi, na mafungu manne wakayala kwa moyo mkunjufu. Sivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, rikazi ni dhahabu au fedha iliyozikwa na watu wa Jahiliya, ikafika nisabu, ikaonekana katika ardhi mfu au ardhi aliyoihuisha huyo mwenye kuiona. Na ua wa nyumba ya mtu si ardhi mfu.

Kisha tazama maandishi. Sarafu za Kilwa zenye jina la Ali bin al-Hasan, na pesa ya shaba ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijra (1882) yenye sura ya mizani, zimepigwa kwa amri ya watawala wa Kiislamu, wala hazina njia ya kuwa rikazi. Na reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, usidanganywe na mwaka 1780 ulioandikwa juu yake. Malkia huyo alikufa mwaka huo, na reale zikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile miaka mingi baadaye, na watu wa pwani wakazitumia katika karne ya 19. Aliyeizika huenda ni babu wa jirani yako.

Mali iliyoonekana katika milki ya mtu ni ya mwenye milki akidai kuwa ni yake. Akikana, huulizwa aliyemwuzia, kisha aliyekuwa kabla yake, hivyo hivyo mpaka kwa aliyeihuisha ardhi mwanzo; na aliyekufa, warithi wake husimama mahali pake. Ama iliyoonekana msikitini au njiani ni lukta, hutangazwa mwaka, ila kitu hafifu, hicho hutangazwa kwa muda ambao mwenyewe hudhaniwa kukisahau. Mwenye kuruhusiwa kuingia na chombo chake ameruhusiwa kutafuta, hakuruhusiwa kumiliki. Tena Tanzania bara sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 hukataza kuchimba vitu vya kale bila leseni, hata mwenye nyumba akiridhia.

Na wakigombana mwenye nyumba na mpangaji, kila mmoja akisema, "Mimi ndimi niliyezika," husadikiwa yule ambaye nyumba imo mkononi mwake, naye ni mpangaji, pamoja na kiapo chake. Sharti neno lake liwezekane. Aliyehamia mwezi uliopita, na sarafu imefukuliwa chini ya sakafu ya chokaa isiyovunjwa tangu zamani, hasadikiwi hata akiapa.