Kufuli Jipya Mlangoni

Aprili na Mei, masika yanapokolea, magari ya watalii yanayopita Karatu kuelekea lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro hupungua. Mpishi wa kambi hana safari, dereva anashinda nyumbani, na kodi ya chumba iko palepale. Ndicho kipindi ambacho mpangaji anaweza kurudi jioni akakuta kufuli asilolijua, huku vyombo, vyeti na sare za watoto vikiwa ndani.

Kodi iliyochelewa ni deni, na mwenye nyumba ana haki kamili ya kulidai. Deni hilo halimfanyi hakimu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, inamtaka atoe kwanza notisi inayoeleza anachodai na muda wa kukilipa, na mpangaji aliyeipokea anaweza kuiomba mahakama nafuu. Anayelipa kodi na kutimiza masharti yake, sheria hiyohiyo inamlinda akae kwa utulivu bila kusumbuliwa.

Wengi hunyamaza kwa kudhani kwamba bila mkataba wa maandishi hawana haki. Si kweli. Upangaji wa muda mfupi unaweza kuwa wa makubaliano ya mdomo, na pale muda usipotajwa, kipindi cha kulipia ndicho kipimo: anayelipa kila mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi. Kwa hiyo risiti, hata ujumbe wa simu wa malipo, ni ushahidi. Usifutwe.

Aliyefungiwa asivunje kufuli, maana mlalamikaji anaweza kugeuka mshtakiwa. Amwite kiongozi wa mtaa au kitongoji ashuhudie, apige picha, aorodheshe vilivyobaki ndani, kisha aende Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi hukumu tena; linapatanisha, na lina siku 30. Likishindwa, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Karatu inalo la kwake. Huko mpangaji anaweza kuomba amri ya muda wakati kesi ikiendelea. Asiye na fedha za wakili aulizie halmashauri kuhusu wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Utaratibu huibana hata Serikali. Ng'ambo ya Lodoare, makazi ya maelfu yaliwekwa shakani kwa karatasi. Tangazo la Serikali Na. 673 la Agosti 2, 2024 lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro. Agosti 18 wananchi walijaa barabarani kupinga. Siku nne baadaye Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo hilo, baada ya mkazi kufungua shauri. Mwaka uliotangulia, Septemba 2023, mahakama hiyo ilikuwa imebatilisha tangazo lililoanzisha pori tengefu la Pololeti, Loliondo, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ikiwa Serikali inaweza kuzuiwa kwa kukiuka utaratibu, mwenye vyumba sita hana kinga.

Anayedaiwa kodi leo asisubiri kufuli. Amwandikie mwenye nyumba barua, ataje kiasi anachodaiwa na tarehe atakayolipa, kisha abaki na nakala iliyosainiwa na pande zote mbili.