SOMO LA MAFUNDI: BOMBA LIKIUMIA KABLA YA ZEGE



Awasse ni njia panda ya Mocímboa da Praia na Mueda. Mapigano ya 2020 na 2021 yalibomoa majengo mengi, na watu waliporudi ilianza kazi ya kujenga upya. Katika majengo yenye maji ya bomba, mabomba ya plastiki hulazwa chini, kisha sakafu humwagwa juu yake. Somo letu ni juu ya bomba linaloumia kati ya kulazwa na kufunikwa.

Wenzetu wa nchi za baridi, kama Ujerumani, wana kazi inayofanana. Hulaza mabomba ya maji ya moto ndani ya sakafu ili nyumba ipate joto. Chumba kimoja kikubwa humeza bomba la zaidi ya mita 100. Kanuni ya Ulaya inawataka walijaribu kwa maji yenye presha ya baa 4 hadi 6, na presha ibaki ndani wakati wa kumwaga sakafu. Sepetu likitoboa bomba, geji hushuka na maji huruka palepale, jeraha likiwa bado linafikika. Sisi hatuhitaji joto sakafuni, lakini kanuni hiyo inatufaa.

YANAYOUMIZA BOMBA

Ncha za nondo na waya wa kufungia, toroli linalopita bila ubao, sepetu, kukunja bomba kwa nguvu kwenye kona. Tena bomba lililoachwa juani miezi mingi hukauka na kupasuka upesi.

KULITENGENEZA

1. Simamisha kazi mahali pale na uweke alama.

2. Usifunge kipande cha mpira wa baiskeli. Shambani utakifunga tena kesho. Chini ya zege hakuna wa kukifunga tena.

3. Kata sehemu yote iliyoumia, pamoja na iliyokunjika ikabaki na alama. Bomba la PVC liunge kwa soketi na gundi yake, pande zote zikiwa safi na kavu, kisha ngoja muda ulioandikwa kwenye mkebe. Usipanue ncha kwa moto, kwa maana plastiki huwa nyembamba na dhaifu. Bomba jeusi la poliethilini halishiki gundi. Linataka kiungo cha kukaza.

4. Ikiwezekana, badilisha kipande chote ili pasiwe na kiungo chini ya zege. Kikibaki, kizungushie plastiki kisiguse zege, pima umbali wake kutoka kuta mbili, uandike kwenye ramani ya jengo.

5. Jaribu tena. Pasipo na pampu, watu hujaza maji kutoka pipa lililoinuliwa. Lakini pipa la mita 10 juu huleta baa 1 tu. Jaribio hilo huonyesha tundu kubwa, halionyeshi ufa mdogo.

WAJIBU WA CHAMA

Kwa nini bomba lililoumia hufukiwa? Mara nyingi si kwa kutojua kazi. Kibarua aliyelitoboa anaogopa kukatwa mshahara au kufukuzwa, basi anasogeza mchanga juu na kunyamaza. Kazi ya saa moja inageuka kuwa sakafu ya kuvunjwa. Mwenye nyumba anakosa maji, na lawama inawaangukia mafundi wote.

Sheria ya Kazi ya Msumbiji, namba 13 ya 2023, haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara apendavyo, na kabla ya adhabu mfanyakazi ana haki ya kusikilizwa. Lakini sheria peke yake haiondoi hofu. Kabla kazi haijaanza, tawi lipatane na msimamizi kwamba anayesema kabla ya zege haadhibiwi. Na siku ya kumwaga, fundi bomba na mjumbe wa chama wakague mabomba yote kwa pamoja, kisha watamke: "Mwaga." Bila neno lao zege lisubiri.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika kazi yetu ya sasa, nani hukagua mabomba kabla ya kufunikwa?

2. Je, kibarua wa jana anaweza kusema "nimetoboa" bila hofu?

3. Pampu ya kujaribia ipatikane vipi: mwajiri ainunue, au matawi yachange na kuazimana?