Mikrowevu Yako: Anza kwa Kukagua Mlango

Mikrowevu si chombo cha hoteli kubwa tena. Utaipata katika nyumba za kupanga, vibanda vya chakula na ofisi zetu, na nyingi zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika. Mwenye nayo huuliza tu kama bado inapasha chakula. Afadhali aanze na mlango.

Mlango ndio unaozuia mawimbi ya kupashia chakula yasitoke nje. Angalia kama umepinda, kioo kimepasuka, bawaba zimelegea au ukingo umeliwa na kutu. Ukiufungua wakati chakula kinapashwa, mashine ni lazima iache kupasha papo hapo. Ikiendelea, chomoa plagi na usiitumie tena, hata kama chakula kinatoka moto.

Cheche si lazima ziwe mwisho wake. Kwanza toa foili, kijiko au ile sahani ya wageni yenye ukingo wa dhahabu. Kisha tazama ukutani ndani: kuna kikaratasi kigumu cha rangi ya kahawia au kijivu. Mafuta yakikirukia na kuganda, huungua. Kipande kipya ni cha bei nafuu. Lakini rangi ya ndani ikibambuka na kutu kutoboa bati, tafuta nyingine.

Kuna mafundi wanaofungua mikrowevu kama redio. Hapo tunasema wazi: usijaribu nyumbani. Ndani, umeme hupandishwa kupita volti 2,000, na kapasita huweza kubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Unaweza kuua. Mpelekee fundi aliyesomea kazi hiyo, na gharama ikikaribia nusu ya bei ya mashine mpya, kwa maoni yetu haifai kutengeneza.

Anayenunua iliyotumika asome kibandiko cha nyuma. Zilizoundwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, za Japani 100, ilhali umeme wetu ni volti 240. Ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza. Itumie kwenye soketi ya ukutani yenye pini tatu, si ekstensheni nyembamba iliyobeba pia friji na birika.

Katika matumizi, mikebe ya majarini na aiskrimu haikuundwa kupashiwa chakula. Yai lenye ganda hulipuka. Maji yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa mapovu, kisha yakaruka ukitia majani ya chai, kwa hivyo yaache yatulie kidogo. Chakula cha mtoto kikoroge na ukionje, maana hakipati moto sawasawa. Moto ukiwaka ndani, usifungue mlango. Zima swichi ya ukutani na usubiri.

Ukiamua kuitupa, ichomoe na ukate waya wake kabla ya kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu, ili asije mwingine akaichomeka. Watoto wasiachwe kuibomoa.