Mbio za Alfajiri na Maji ya Pishi Moja

Jamaa zangu wa Mombasa, wasikiapo kwamba mimi na bwana wangu, tukaao Uingereza, huvuka bahari kila tupatapo wasaa na kuzunguka Ufaransa kwa gari-nyumba, huniuliza kwanza njia za kukimbilia nazipata wapi, kana kwamba njia ndiyo adimu. Njia, ndugu zangu, ni jambo jepesi kuliko yote: nchi ile imejaa mifereji ya mashua, na kando ya mingi kati yake pana ujia uliopitwa zamani na farasi waliovuta mashua hizo, tambarare, usio na magari, ambao hata mgeni hawezi kuupotea. Kilicho adimu ni maji ya kuogea baada ya mbio. Mkimbiaji alalaye garini, mbio zake hupimwa kwa lita kabla ya kupimwa kwa kilomita, na asiyelikubali hilo atarejea kwao ananuka jasho na kuilaumu nchi ya watu.

Basi nimekusudia kutaja mambo matano. Habari za viatu, kofia na kunywa maji sitazigusa, kwa sababu kila mkimbiaji anazijua, na asiyezijua bado si mkimbiaji.

La kwanza ni mahali. Mimi naupenda Canal du Midi, mfereji uliochimbwa chini ya usimamizi wa Pierre-Paul Riquet tangu mwaka 1666 hata ukafunguliwa mwaka 1681, wenye urefu wa kilomita 240 kutoka Toulouse hadi karibu na Sète, penye bahari ya Mediterania. Kutoka Toulouse mpaka Seuil de Naurouze, mahali palipoinuka kuliko pote katika mfereji ule, ambapo maji hugawanyika mengine yakaelekea Atlantiki na mengine Mediterania, ujia umetiwa lami na umejaa waendesha baiskeli ambao kengele zao ni adui wa utulivu. Baada ya hapo lami hukoma, udongo huanza, na mizizi ya miplatani hujitokeza njiani. Hapo ndipo penye raha, maadamu mtu ainue miguu. Kivuli usikitegemee sana, kwani tangu mwaka 2006 miti hiyo imeingiwa na maradhi ya kuvu yasiyo na dawa, na maelfu yake imekatwa na kuchomwa ili ugonjwa usienee, kwa hiyo pana sehemu ndefu ambazo jua humshukia mtu utosini bila kizuizi. Toka alfajiri. Upande ule wa jimbo la Aude huvuma pepo mbili zijulikanazo na kila mkazi, Cers itokayo magharibi, kavu na yenye nguvu, na Marin itokayo baharini, yenye unyevu. Nasi tuliolelewa na kaskazi na kusi hatuhitaji mwalimu: toka ukiukabili upepo, urejee unakusukuma.

La pili ni maji, na hapa sina budi kueleza yaliyonipata kiangazi kilichopita.

Tulifika kijiji kimoja baina ya Castelnaudary na Carcassonne, Jumamosi jioni. Miji na vijiji vingi vya Ufaransa, na kwa hili wanastahili sifa, hutenga uwanja maalumu wa magari-nyumba, aghalabu bure au kwa malipo kidogo, na uwanjani husimamishwa nguzo yenye bomba la maji safi, pamoja na shimo la kumwagia maji machafu na uchafu wa choo. Pengine nguzo hiyo haifunguki ila kwa jetoni, yaani kisarafu chake maalumu, na jetoni huuzwa ama katika ofisi ya utalii, ama kwa mwoka mikate. Pale kijijini muuzaji alikuwa mwoka mikate. Asubuhi ya Jumapili bwana wangu alikwenda, akasimama katika safu ya watu waliovaa nguo za kanisani, na zamu yake ilipofika bibi yule akamwambia kwa upole mwingi kwamba jetoni zimekwisha, na kwamba yeye Jumatatu hafungui, basi afadhali aulize ofisi ya meya siku ya Jumanne. Akamuuzia mkate.

Sikuhuzunika, kwa kuwa siku iliyotangulia tulikuwa tumelijaza tangi mpaka maji yakafurika na kumwagika chini ya gari, na tajiri aliyetuuzia gari lile kule Uingereza, mtu mwenye ulimi wa asali aliyetumia saa nzima kutusifia viti vya ngozi na televisheni, alikuwa ametuhakikishia kwamba tangi ni la lita 100. Nikakimbia mbio ndefu kuelekea magharibi, nikiikabili Cers, nikarejea nimejaa vumbi jekundu hata masikioni, nikaingia katika kijichumba cha kuogea, nikajipaka sabuni mwili na kichwa, na nywele zangu si chache. Na pale pale, povu likiwa limekwisha kunifumba macho, pampu ikakohoa, ikapiga kelele ya kukauka, ikanyamaza.

Aliyeniokoa ni mke wa jirani yetu, bibi wa Kijerumani wa umri wa mama yangu, ambaye bwana wangu alimwendea akiwa na sufuria mkononi na maneno matatu tu ya lugha yake. Alileta maji jagi kwa jagi, akayapitisha mlangoni bila kuchungulia, Mungu amlipe. Mumewe naye, baada ya kusikiliza kisa chetu, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti, akatuonyesha kishikio kidogo ndani ya tangi. Magari mengi ya namna ile hutengenezwa na vali ya kufurikia: ikiachwa wazi, maji yakifika lita 20 humwagika nje, ili gari liwapo safarini uzito wake usizidi ule ulioandikwa katika hati zake, ukitaka lita 100 huna budi kukizungusha kishikio na kuifunga. Kumbe yale mafuriko tuliyoyafurahia ndiyo yalikuwa hasara yetu. Tajiri wa viti vya ngozi alilijua hilo au hakulijua, na katika hali zote mbili hakustahili fedha zetu.

La tatu ndilo kiini cha makala haya. Bibi yule alikuwa na bomba la kupulizia dawa ya mimea, lile la plastiki lenye mpini wa kusukumia hewa, la lita 5, ambalo alilitumia kumwoshea mbwa wake miguu. Kwa kuwa lilikuwa la mbwa nililisifu kwa mbali tu. Lakini tulipofika Carcassonne nilikwenda katika duka la wakulima nikanunua langu, jipya kabisa, kwa euro kumi na kitu. Nasisitiza jipya, kwani lililowahi kutiwa dawa ya wadudu halifai kwa ngozi ya binadamu hata likioshwa mara mia. Na afadhali uende kwa wauza mbegu na majembe, wala usiende kwa wauza vyombo vya magari-nyumba, ambao kitu cha namna hiyo hiyo hukibandika picha ya ufuko na mnazi, wakakiuza kwa bei ya mbuzi.

Matumizi yake yana adabu zake. Tia kwanza lita 3 za maji ya kawaida, kisha lita 1 iliyochemka, kwa maana maji ya moto yakitangulia huikunja plastiki; na ikiwa maji ya kawaida yana nyuzi 20, mchanganyiko utakuwa na nyuzi 40, ambazo ndizo zinazomfaa mtu aliyetoka jasho. Usilijaze pomoni, kwa sababu hewa iliyobanwa juu ya maji ndiyo iyasukumayo, na pasipo nafasi ya hewa utasukuma mpini mpaka mabega yaume. Fungua ncha yake mpaka maji yatoke kama manyunyu mapana badala ya sindano. Simama ndani ya beseni, jirowanishe, funga, jisabuni, kisha jisuuze kwa kuanzia kichwani kushuka chini, ili miguu ipate maji ya mwisho. Pampu ya gari huweza kutoa lita 10 kwa dakika moja, na mwenye kuoga hazihisi. Bomba hili hukufanya uhisi kila kikombe, na ukimaliza hushangaa kuona maji yamesalia. Wala jambo hili si geni kwetu: tulisomeshwa chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akioga kwa pishi moja ya maji na kutawadha kwa kibaba kimoja, na pishi ya madhehebu yetu ya Shafii haifiki lita 3. Mimi, pamoja na nywele zangu, natumia 4, na bado naona haya kidogo.

Maji yaliyokusanyika katika beseni, ambayo hayana zaidi ya sabuni na vumbi, ndimo hulowekwa soksi, jezi na mtandio wa mbio, na hili ndilo jambo la nne. Ukizikamua, zitandaze juu ya taulo kavu, uviringe taulo kama mkeka, uikanyage kwa visigino. Maji yatahamia katika taulo, na nguo nyepesi zitakauka kabla ya adhuhuri, hasa Cers ikivuma. Soksi zangu ni za Decathlon, duka lililoanzishwa karibu na Lille mwaka 1976, na sijaona zishindazo kwa bei ile. Nguo ya pamba usiichukue. Bwana wangu alichukua fulana zake za pamba, akazitundika kiooni, nasi tukaingia Béziers, penye ngazi mashuhuri ya malango ya maji ya Fonserannes, tukiwa tumepambwa mfano wa mashua ya arusi, na watalii wakatupiga picha wakiacha kuyapiga picha malango.

La tano lahusu mipango ya wiki, nalo ni fupi. Mbio ndefu ziwekwe siku ambayo tangi limejazwa na vali imefungwa, ila gari liondokapo punguza maji kwanza, maana uzito ni uzito. Ukifika kijijini Jumamosi, usivae viatu vya mbio kabla hujamwona mwoka mikate; nunua jetoni mbili kwanza, kisha uulize mkate. Mkate ukikosekana, mchele umo kabatini.